Kopo la Mtu Mmoja

Kwetu Bagamoyo ukisema Fundi na usiongeze neno, watu wazima wanajua humsemi fundi cherehani wala fundi baiskeli. Unamsema yule wa mikate. Jina lake alikuwa nalo, na siku ya maziko nililisikia likitajwa nikageuka kutazama ni nani mwingine amekufa. Hapa nitamwita Fundi, kwa sababu hilo ndilo aliloitikia.

Watu walisema mengi siku ile. Walisema alikuwa mpole, mkimya, hana neno na mtu. Nilikaa na wanawake wenzangu nikasikiliza, nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Lakini Fundi hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mbishi, mwepesi wa kununa, na jambo akilishika halitoki. Nimefanya kazi katika bekari yake miaka mingi, kwanza nikichukua mikate kwenda kuitembeza mitaani, baadaye nikikanda unga, mwishoni mimi ndiye niliyewasha tanuri. Kama alikuwa na upole, basi aliuficha mimi nisiuone.

Kazi ya mikate ina mambo mengi: unga, hamira, maji, moto. Fundi alivijali vyote, lakini alichokipenda ni makopo. Kopo la mkate, kwa asiyelijua, ni sanduku la bati lililo wazi juu, mdomo wake mpana kidogo kuliko kitako ili mkate ukiiva udondoke wenyewe. Wengine huona ni chombo tu. Fundi akialikwa chai nyumbani kwa mtu aliinua sufuria akaitazama chini kabla hajaonja kilichomo. Harusini niliwahi kumwona akiligeuza kopo la keki mbele ya mama wa bibi harusi, akalipiga kwa kucha, akalirudisha mezani na kusema, "Waya haukuzungushwa vizuri ukingoni, litapinda hili." Yule mama hakujua ashukuru au akasirike.

Makopo yake yalikuwa meusi tii. Mgeni akiyaona alidhani ni uchafu, na Fundi alifurahi sana mgeni akidhani hivyo, maana alipata nafasi ya kueleza. Kopo jipya linang'aa, alisema, na linapong'aa linaufukuza moto, mkate unatoka ubavu mweupe kama mgonjwa. Sharti ulipake mafuta, ulichome tupu, ulipoze, ulipake tena, ulichome tena, mpaka rangi igeuke. Likishakuwa jeusi, maji ni mwiko. Unalifuta kwa kitambaa kikavu lingali na joto, kisha unalirudisha tanurini moto ukiwa unakufa, kwa sababu upepo wetu wa chumvi hauna huruma na bati. "Usilioshe," aliniambia wiki ya kwanza. "Wewe utaliona safi, lenyewe litakuwa limesahau kila kitu."

Mkate alitoa ovyo. Maskini akipita alipewa, mwendawazimu wa sokoni alipewa, mapaka nayo yalipata ncha zilizoungua. Kopo hakumwazima mtu. Jirani mmoja alikuja kwa adabu zote kuomba moja, aoke keki ya binti yake, na Fundi akamkatalia mlangoni bila hata kumkaribisha ndani. Mama wa watu akaondoka na machozi. Alasiri Fundi mwenyewe akaoka keki, akaipeleka nyumbani kwa yule mama kichwani kwake, imefunikwa khanga. Ilikuwa keki mbaya, imekaa kama mkate wa boflo, na nadhani hakutia mayai ya kutosha. Lakini aliipeleka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, atakunyima kitu kidogo akupe kikubwa, na vyote viwili akufanyie kwa uso uleule uliokunjamana.

Mteja mgeni akifika dirishani hakuulizwa anataka mikate mingapi. Aliulizwa, "Nyumbani mko wangapi?" Fundi alikuwa na kipimo kimoja tu cha kopo, kile kikubwa, na mkate wake ulikuwa wa kukatwa ukawekwa katikati ya watu. Aliamini kabisa kwamba mkate uliokatwa na kuliwa na mtu mmoja haukufika ulikokuwa ukienda. Kuna mwalimu kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, akapanga chumba karibu na shule. Alipoulizwa akajibu, "Niko peke yangu, mzee."

"Peke yako ndiyo nini? Hiyo nyumba haina jirani?"

"Jirani yupo, ila hatujazoeana."

"Basi mtazoeana leo." Akampa mkate mzima, akamwagiza nusu aipeleke mlango wa pili.

Mwalimu alicheka akidhani ni mzaha. Kesho yake Fundi alimwuliza jirani kasemaje. Kijana hakurudi tena. Akaanza kununua mkate wa slesi dukani, ule unaoletwa na gari kutoka Dar ndani ya mfuko wa nailoni, ambao haumwulizi mtu habari za nyumbani kwake. Mimi nilimwona na mfuko huo na nikaufahamu moyo wake, lakini Fundi sikumwambia.

Mkewe ndiye aliyekuwa akituliza mambo. Alikuwa mtu wa Fukayosi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani, na alipokuwa amekaa dirishani wateja walisamehe mengi. Fundi alipomkaripia mtu, mkewe alimkonyeza yule mtu na kumwongezea andazi. Nyumba yao, vichochoro viwili kutoka bekari, ilikuwa imejaa wakati wote: watoto, watoto wa ndugu, wageni wa kutoka shamba waliokuja hospitali wakakaa mwezi. Mikate mingapi iliingia nyumba ile kila asubuhi sijui, lakini jioni hakikubaki kitu. Kisha watoto wakaondoka, mmoja Muscat, mmoja Mwanza. Watoto wa ndugu wakaolewa na kuoa. Halafu mkewe akaugua, na hakuugua muda mrefu.

Siku za matanga wanawake walipikia uani kwa bekari, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi na kuni. Ndugu wa marehemu walikuja kutoka Fukayosi na lori, mama zetu wenye nguvu, wakashika masufuria kama wenyeji. Sisi huku baada ya hitima hatuachi chombo kichafu nyumba ya msiba. Kila kilichotumika na ambacho hakikutumika huoshwa, ili mfiwa asibaki na kazi. Mimi nilikuwa nyumbani kwa Fundi nikikunja mikeka. Niliporudi uani nikakuta wale mama wamekaa mduara, mchanga, majivu na sabuni ya unga katikati yao, wanasugua makopo ya mikate. Yote. Walikuwa wameyatoa tanurini na kustaajabu jinsi yalivyo machafu, wakasema masikini, marehemu aliugua hata vyombo vikamshinda. Yale yaliyokwisha yalikuwa yameanikwa juani, yakimeremeta mpaka yanaumiza macho.

Nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa, na alikuwa Fundi.

Aliyatazama. Namjua mtu yule, nilimwona akigombana na mkaguzi wa afya mpaka mkaguzi akaomba maji. Nikajua sasa kitawaka. Fundi akashika ukingo wa kanzu yake, akasema, "Ahsanteni sana mama zangu. Mmehangaika. Mwenyezi Mungu awalipe."

"Hapana shida baba," akasema mkubwa wao. "Tumekutolea doa. Yalikuwa na masizi haya!"

"Naam. Yalikuwa nayo."

Akaenda kukaa ndani ya bekari, mgongo ameugeuzia mlango. Nilimfuata na kikombe cha chai akakipokea bila kuniangalia. Nilitaka kulia, na sikujua namlilia marehemu au makopo. Nadhani hata yeye hakujua.

Bekari ilifungwa mpaka arobaini ilipopita, na makopo yakabaki palepale uani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyaingiza. Upepo ukafanya kazi yake. Yakaota kutu, mengine mpaka kona zikatoboka, kwa kuwa bati lilikuwa limekwisha kuwa jembamba kwa miaka. Tulipojaribu kuoka, mikate ilishika, tukaitoa vipande vipande. Fundi akasema, "Twende Dar."

Safari ile naikumbuka kuliko zote. Alivaa koti. Tulizunguka maduka ya vifaa vya bekari upande wa Kariakoo asubuhi nzima, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba mkoba na njaa. Kila duka alitaka kopo lishushwe kutoka rafuni. Alilipima uzito kwa kiganja, akaingiza kidole kwenye kona kutazama kama bati limekunjwa au limechomewa, kwa sababu kona iliyokunjwa vibaya huficha donge, na donge likikauka mle huliwezi. Alibonyeza kitako kwa dole gumba. Kikibonyea alilirudisha bila maelezo.

Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu, akamletea kopo lenye rangi ya kijivu ndani. "Mzee wangu, hili ndilo la kisasa. Halishiki kabisa, hata mafuta hupaki. Na mfuniko wake huu hapa, mkate unatoka mraba, slesi zinalingana."

"Nikiufunika nitaujuaje kama umepanda?"

"Si unaweka saa tu, mzee."

"Saa inajua unga wangu?" Kijana akacheka, na Fundi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka kidogo. Nilishukuru moyoni.

Hapo ndipo nilipoona makopo madogo. Yalikuwa rafu ya chini, bati zito, kona za mviringo, yameungwa matatumatatu kwa ukanda ili uyaingize tanurini kwa mkupuo, na katikati yana nafasi ya moto kupita. Kila moja lingetoa mkate wa kutosha mtu na chai yake, labda ukabaki kipande. Nilichuchumaa nikayashika. Niliwafikiria watu niliowaona kila siku nikitembeza mikate: mwalimu wangu yule, wanafunzi wa chuo cha sanaa waliopanga vyumba, wajane walioachiwa nyumba nzima na watoto walio Dar. Wote walitaka mkate wetu na wote walisema ni mkubwa, unaharibika. Nikamwita. "Fundi, tuchukue haya. Hata machache. Mji umebadilika."

Akaja, akayatazama akiwa amesimama. "Haya ya kuwekea sabuni."

"Ya mikate, Fundi. Ya watu wachache."

"Wachache wangapi?"

Muuzaji, asiyejua lolote, akasema kwa furaha, "Hili mama, la mtu mmoja kabisa!"

Uso wa Fundi ulijifunga. Aligeuka akaagiza yale makubwa, mazito, ya kutosha kujaza tanuri zima. Nilikasirika. Nilijua, na yeye alijua, kwamba tukikosea makopo tumefunga bekari. Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba hakuwa akishindana nami juu ya bati. Alitaka mji ubaki mji wa watu wanaokula pamoja, kwa sababu ukibaki hivyo, hata yeye hayuko peke yake. Kununua kopo lile kungekuwa kukiri.

Aliyachoma makopo mapya kwa mafuta siku baada ya siku, kwa subira ambayo hakuwahi kumwonyesha binadamu. Yakageuka hudhurungi, yakaanza kuwa meusi. Mikate ikatoka mizuri, ubavu mwekundu, na jioni ikabaki dirishani. Aliichukua akaitembeza mwenyewe mlango kwa mlango, si kuuza, kugawa, na kila mlango alisimama kusalimia kwa kirefu: habari za nyumbani, za watoto, za mguu, za paa. Watu walimpenda lakini walikuwa na mambo yao. Nilimwona siku moja amesimama mbele ya mlango uliokwisha kufungwa, mkate mkononi, akiendelea kuutazama.

Tangu mkewe afe hakutaka kwenda nyumbani. Kazi ikiisha alianza kuyafuta makopo yaliyokwisha futwa. Mimi nikichukua baibui langu aliniuliza swali, na nikilijibu aliniuliza jingine. "Hamira ya leo umeionaje?" "Mama yako mgongo unaendeleaje?" "Hivi yule mwalimu alihama?" Nilimwonea huruma, na huruma ile ilinichosha, kwa maana nami nina nyumba na watu wanaosubiri chakula. Mara nyingi nilijibu nikiwa nimeshafika mlangoni.

Macho yakamsaliti kabla ya miguu. Alipoanza kuunguza mikate akaniambia, bila hotuba, "Sasa shika wewe. Lakini mkate usiubadilishe." Nikasema sawa. Nikajaribu kwa kweli. Nikaona unga unavyozidi kupotea kwenye mikate inayorudi, nikaona tanuri likiwaka nusu. Mwishowe nikaenda Dar peke yangu na nikarudi na yale madogo.

Habari ilimfika kabla sijashusha mzigo. Alikuja na mkongojo wake, akaomba kopo moja. Akalipapasa lote, mdomo, kona, ukanda, kitako. Nilisubiri matusi. Akasema tu, "Bati zuri," akaliweka chini. Nilimwekea chai, hakuinywa. Tangu siku ile hakukanyaga bekari. Nilipeleka salamu, zikarudi salamu. Nilimpelekea mkate mkubwa kila Ijumaa kwa mkono wa watu, na niliambiwa ameushukuru na kuugawa.

Mikate midogo ilikwisha kila siku. Mwalimu alirudi. Tanuri likawaka lote. Ningekuwa na furaha kamili kama ningeweza kumwonyesha mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyemkosea kwa kufanikiwa.

Halafu dereva mmoja wa bajaji, mteja wangu wa mkate mdogo kila baada ya siku mbili, alikuja akauchukua akasema, "Leo sijui kama ataula. Mzee hajisikii vizuri."

"Mzee gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si Fundi wako. Wewe hukujua? Mimi humnunulia tu."

Nilimnyang'anya ule mkate, nikafunga dirisha, nikaenda mwenyewe. Ilikuwa baada ya alasiri. Nilipiga hodi, nikasikia "karibu" ya sauti ndogo kutoka mbali ndani ya nyumba ile, na nikapita vyumba ambavyo zamani vilijaa magodoro na watoto, sasa vimefagiliwa vizuri na havina kitu. Alikuwa ukumbini, amekaa mkekani, ameegemea ukuta.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Bajaji imeharibika?"

"Nzima. Nimekuja mwenyewe."

Hakuona aibu, au alikuwa amechoka kuona aibu. Mbele yake palikuwa na sahani, na juu yake nusu ya mkate wetu mdogo, upande uliokatwa umekauka na kuanza kuota ukungu wa kijani. Alikuwa ameukata sawasawa kabisa, pale katikati. Nikauangalia mkato ule. Alinyoosha mkono, akaupokea mkate mpya, akaugeuza chini juu kama kawaida yake, akapapasa kitako kwa kidole.

"Umeuchoma vizuri," alisema. "Kona zimetoka."

"Nimefundishwa."

Akaendelea kuupapasa. Nje watoto wa jirani walikuwa wakitoka madrasa wakipiga kelele, na alingoja wapite.

"Mwanangu, kule Dar," akasema, "hawana kopo dogo kuliko hili? Nusu inanishinda."

Nilijua yapo. Niliyaona kwa macho yangu rafu ileile, yanayotosha kwenye kiganja. Hata fundi bati wetu wa Magomeni, hapahapa Bagamoyo, angekata kipimo chochote nikimwambia, na kesho asubuhi ningeweza kumwokea Fundi mkate wa kumtosha peke yake, usibaki hata chembe.

"Hawana, Fundi," nikamwambia. "Hilo ndilo la mwisho."

Akatikisa kichwa polepole, akauweka mkate kwenye sahani. Nikavua baibui, nikakaa mkekani upande wa pili wa sahani, nikamwuliza kisu kiko wapi.